Tumkumbuke Jacob Hawken, fundi wa magobore wa St. Louis

Kipindupindu kilipopamba moto St. Louis, mji wa kando ya mto Mississippi huko Marekani, mwaka 1849, kiliua maelfu ya watu. Mmoja wao alikuwa Jacob Hawken, aliyefariki tarehe 8 Mei. Siku tisa baadaye moto ulioanzia kwenye meli ya mvuke iitwayo White Cloud ukateketeza mamia ya nyumba, pamoja na meli 23 zilizokuwa zimefungwa gatini. Katika msiba mkubwa namna hiyo, kifo cha fundi mmoja wa bunduki kilimezwa. Kwa maoni yangu, mpaka leo hajakumbukwa inavyostahili.

Wapenzi wa bunduki za kushindilia wote wanalijua jina la Hawken. Tatizo ni jinsi wanavyolijua. Utaambiwa Kit Carson alikuwa na bunduki ya Hawken, Jim Bridger alikuwa nayo, wote wawili wawindaji na waongoza njia mashuhuri wa magharibi ya Marekani, na wapanda milima waliowinda manyoya huko Rocky Mountains waliililia. Sifa zote zimekwenda kwa waliovuta kifyatulio. Aliyekaa mbele ya kalibu na tupa hatajwi, na ukitaka kujua alikuwa mtu wa namna gani itakubidi uchimbe sana. Hilo linanisikitisha, kwa sababu kazi yenyewe inaonyesha kichwa kilichofikiri kuliko wengi.

Jacob alizaliwa Hagerstown, Maryland, mwaka 1786, katika ukoo wa mafundi wa bunduki; baba yake, Christian, ndiyo iliyokuwa kazi yake. Jacob aliwahi pia kufanya kazi katika kiwanda cha silaha cha serikali pale Harpers Ferry. Kisha akahamia magharibi, akafika St. Louis mwishoni mwa miaka ya 1810. Mshirika wake James Lakenan alipofariki mwaka 1825, Jacob akaungana na mdogo wake Samuel, naye fundi, aliyekuwa amemfuata baada ya kufiwa na mkewe. Hapo ndipo duka la ndugu wawili lilipoanza.

Mafundi wa mashariki ya Marekani walikuwa wakitengeneza bunduki nyembamba, ndefu, za kupendeza, zenye mtutu unaopita mita moja na mapambo ya shaba. Zilifaa kwa mtu anayetembea msituni akiwinda paa. Lakini St. Louis ilikuwa mlango wa nchi tofauti kabisa: mbuga zisizo na mwisho, nyati wakubwa wa Marekani, dubu, na mtu juu ya farasi. Akina Hawken wakaitazama hiyo nchi, wakaunda bunduki ya kuifaa. Mtutu wenye pembe nane, mnene, wa sentimita 90 hivi, na tundu lenye upana wa milimita 13 au karibu na hapo. Uzito mara nyingi ulipita kilo nne na nusu. Uzito huo ulikuwa na kazi yake. Mtutu mnene huvumilia baruti nyingi, na bunduki nzito haimpigi mtu bega vibaya. Badala ya shaba inayong'aa waliweka chuma. Badala ya gumegume, yaani jiwe la kutoa cheche, walitumia fataki, kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa, ambayo haisumbuliwi sana na mvua na upepo.

Lakini kinachonivutia kuliko vyote ni shingo ya kitako. Pale mbao zinapopungua kuwa nyembamba, nyuma ya mtutu, ndipo bunduki za zamani zilipovunjika mtu akianguka na farasi. Kwenye Hawken ulimi mrefu wa chuma unatoka nyuma ya mtutu na kulala juu ya shingo ile. Chini yake kuna bamba refu la vifyatulio. Na skrubu zinapenya kutoka juu hadi chini kuvibana pamoja, mbao zikiwa katikati. Fundi huyu alikuwa akimfikiria mtu aliye mbali na kila karakana, ambaye shingo ya bunduki ikivunjika, huenda na maisha yake yakaishia hapo. Na vifyatulio ni viwili: ukivuta cha nyuma unakitega cha mbele, ambacho sasa kinahitaji kuguswa tu, ili mkono usitikise shabaha.

Siwezi kumsifu nikanyamazia upande wa pili. Bunduki hizi zilikuwa mikononi mwa watu waliofungua njia ya kuingia katika ardhi za wenyeji asilia, na wenyeji ndio waliolipa gharama. Kumheshimu fundi hakufuti hilo, nami sitaki lifutwe.

Kwenye mtutu walipiga mhuri: J & S HAWKEN, na jina la mji. Baada ya Mei 1849 Samuel aliendelea peke yake, na mhuri ukawa S. HAWKEN. Kifo cha Jacob kilitokea mwaka ule ule ambao watafuta dhahabu walimiminika kuelekea California, wengi wakipitia Missouri, na duka likihitaji kila mkono. Samuel aliishi hadi 1884, akafa na miaka 91, baada ya duka kupita mikononi mwa John Philip Gemmer, aliyelifunga mwaka 1915. Kuishi muda mrefu kulimpa Samuel nafasi ya kusimulia. Jacob hakuipata, na nadhani hii ni sababu mojawapo ya yeye kufifia.

Mwaka 1970 kampuni ya Thompson/Center ilianza kuuza bunduki ya kushindilia yenye jina la Hawken. Iliwarudisha watu wengi kwenye baruti nyeusi, na hilo ni jema. Ila ilirudisha shaba inayong'aa, kitu ambacho Hawken halisi ilikiacha, na leo wengi wakisikia jina hilo wanaona picha ile.

Sisi wa huku Afrika Mashariki tuna deni kama hilo. Mkataba wa Marekani na Sayyid Said wa mwaka 1833 uligusa hadi biashara ya bunduki na baruti Zanzibar, na magobore yalienea bara yote kufuata njia za misafara. Tunawajua waliotembea nayo, Tippu Tip akiwa wa kwanza kutajwa. Mhunzi wa kijijini aliyeyafufua yalipovunjika hana hata herufi moja kwenye chuma.

Bunduki ya Hawken ya Jim Bridger imehifadhiwa Montana. Kama ningeulizwa, pale inapoonyeshwa maelezo yangeanza na jina la duka na la waliolianzisha, Jacob na Samuel, kisha yangesema jinsi shingo ya kitako ilivyobanwa kwa chuma juu na chini. Bridger angefuata baada ya hapo.