Saladi ya Dakika 20

Sikutafuta makuu. Nilitaka tu kulipumzisha tumbo langu, ambalo tangu sikukuu limekuwa likipokea pilau na maandazi kama ghala la serikali, ndipo nikaamua kutengeneza nyumbani saladi ya nyama ya ng'ombe ya Wavietnam, wenyewe huiita gỏi bò, ambayo niliambiwa huchukua dakika 20. Nilianza saa nne asubuhi. Tulikula saa kumi jioni.

Buchani nilieleza kwamba ninahitaji nusu kilo ya steki laini. Muuza nyama akaniuliza kama ni ya rosti au ya mishikaki, na nilipojibu kwamba ni ya saladi, aliweka kisu chini, akamwita mwenzake aliyekuwa nje aje asikie mwenyewe, kisha akaniongezea mfupa wa bure, nadhani kwa huruma.

Nyama hiyo hukatwa vipande vyembamba kwa kuzikingama nyuzi zake, maana ukizifuata utatafuna hadi magharibi, na ili kisu kisihangaike huna budi kuigandisha kidogo kwanza. Sasa, friza iliyomo nyumbani mwangu si yangu, ingawa risiti ina jina langu. Ni ya barafu za ubuyu ambazo mke wangu huwauzia watoto wa shule. Nilizitoa chache ili nyama ipate pa kulala, nikasahau kuzirudisha, na kufikia adhuhuri nilikuwa nimeshanunua barafu 18 zilizoyeyuka, kwa bei ya rejareja, kwa kuwa mke wangu hakunifikiria hata bei ya jumla.

Lakini kilichonimaliza ni mchuzi. Roho ya saladi hii ni nước mắm, maji ya samaki yenye chumvi, niliyoyapata mjini baada ya kupanda daladala mbili na kulipa fedha ambazo zingenipatia kuku mzima. Huchanganywa na ndimu, sukari, maji ya uvuguvugu, kitunguu saumu na pilipili, nawe unatakiwa kuonja na kuonja tena mpaka uchachu, utamu, chumvi na ukali vipatane, mapatano ambayo hata katika vikao vya ukoo wetu sijawahi kuyashuhudia. Nilipofungua tu chupa, mama mkwe, mzaliwa wa Unguja aliyekuwa amejilaza sebuleni, aliinua kichwa.

"Baba Salma, nani kaanika dagaa humu ndani?"

Nilimweleza kwa adabu kwamba huo ni mchuzi wa Vietnam, na kwamba huko katika kisiwa cha Phú Quốc samaki wadogo huchanganywa na chumvi, takribani sehemu tatu kwa moja, wakawekwa katika mapipa makubwa ya mbao kwa muda wa mwaka mmoja hivi.

"Samaki wadogo gani?"

Hapo sikuwa na pa kukimbilia, kwa sababu ni jamii ileile ya dagaa wanaovuliwa kwao.

"Kumbe umepanda daladala mbili kufuata maji ya dagaa," akasema, akalala tena.

Wavietnam wengi huiacha nyama hii ikiwa nusu mbichi, wakaikamulia ndimu. Mke wangu aliichungulia, akauliza kama ng'ombe ameshaarifiwa kwamba amechinjwa. Nilijitetea kwamba ndimu huigeuza rangi. Akanijibu kwamba kugeuka rangi si kuiva, na kwa bahati mbaya alisema kweli, nikairudisha kikaangoni. Karoti, matango, nanaa na kotimiri vilifuata, pamoja na karanga za kutwanga, yaani zile ambazo watoto walizisaza kinuni. Salma alitazama sinia, akauliza kwa nini kachumbari ya leo ina nyama.

Mama mkwe hakugusa saladi. Aliomba wali, akaumiminia ule mchuzi mara tatu bila kusema neno, kisha akaingia na chupa chumbani kwake, eti kuna joto jikoni itaharibika. Leo alfajiri ameniuliza nitakwenda lini tena mjini, maana maji ya dagaa yamekwisha.