Kabla ya kioo cha pili, tupeni upepo

Juzi nimetumiwa kipeperushi cha mradi wa ghorofa za makazi unaojengwa hapa hapa Dar es Salaam, mamia ya nyumba kwa mkupuo mmoja. Sifa ya kwanza iliyotajwa, kabla ya maji, kabla ya lifti, kabla ya maegesho, ni madirisha ya vioo viwili, kimoja nyuma ya kingine, ya kiwango cha Ulaya. Nikapekua kurasa zote kutafuta dirisha lenyewe linafunguka kiasi gani. Hakuna. Nikatazama ramani ya ghorofa: korido katikati, nyumba huku na huku, kila nyumba ina madirisha upande mmoja tu. Nusu ya wakazi wataitazama bahari. Nusu nyingine watalitazama jua la alasiri kupitia vioo vinavyoanzia sakafuni, bila hata kipande cha zege cha kutupa kivuli. Nimekasirika, na hasira hiyo ndiyo imeniketisha niandike.

Kazi yangu ni ukadiriaji majenzi. Mstari wa madirisha kwenye BOQ, yaani orodha ya vifaa na gharama za ujenzi, ya mradi mkubwa ni mstari mnene. Chukua mfano wa Magomeni Kota, zile nyumba za kaya 644 zilizozinduliwa mwaka 2022. Mradi wa ukubwa ule, kila nyumba ikiwa na madirisha sita, unadai madirisha 3,864. Kosa dogo kwenye dirisha moja linarudiwa karibu mara elfu nne, na anayeishi nalo si yule aliyesaini oda.

Sasa tuangalie kioo cha pili kinafanya nini hasa. Kati ya vioo viwili kuna nafasi ya milimita 12 hadi 16 yenye hewa kavu au gesi ya argoni, na hewa iliyofungiwa haipitishi joto kwa urahisi. Kioo kimoja hupitisha kama wati 5.7 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Vioo viwili vya kawaida hupitisha kama 2.8, yaani nusu. Kila muuzaji anaitaja hiyo nusu, na ni kweli.

Lakini nusu ya nini? Chukua dirisha la mita 1.5 kwa 1.2. London usiku wa Januari, nje nyuzi 0, ndani nyuzi 20, kioo cha pili kinaokoa kama wati 100 kwenye dirisha hilo moja, usiku na mchana, miezi kadhaa mfululizo. Kule mtu analipia joto, na akiacha vioo viwili atakuwa amejidhulumu. Lete dirisha hilo hilo Kinondoni mwezi wa pili. Nje nyuzi 32, ndani umewasha AC, nyuzi 26. Tofauti ni nyuzi sita. Kioo cha pili kinaokoa wati 30 hivi. Na kama huna AC, umefungua dirisha kama binadamu wengine wote, ndani na nje joto ni moja na tofauti haipo. Kioo cha pili hakiokoi chochote, kwa sababu kimefunguliwa pamoja na cha kwanza.

Joto letu haliji kwa njia hiyo. Linakuja na jua lenyewe, linapenya kwenye kioo na kugeuka joto likishagusa sakafu, kochi na kitanda. Jua la saa tisa, saa kumi alasiri kwenye ukuta wa magharibi linaweza kufika wati 600 kwa mita ya mraba. Dirisha letu lile lile linapokea zaidi ya wati 1,000. Kioo kimoja cheupe kitapitisha kama 900, vioo viwili vyeupe kama 800. Wati 800 ni kama kuacha pasi ya umeme imewaka chumbani tangu alasiri hadi jua lizame, na hilo ni dirisha moja. Yaani mwenye mradi amelipia madirisha ya bei mbaya, na mkazi bado ana pasi inayowaka kila chumba.

Kinachozima pasi hiyo ni kivuli, na kivuli lazima kiwe nje ya kioo. Ubao wa zege juu ya dirisha, kibaraza chenye kina, matofali ya matundu, mbao za kufunika dirisha kama za Mji Mkongwe. Pazia la ndani haliwezi kazi hiyo, maana joto likifika kwenye pazia limeshaingia ndani. Wabunifu wa miaka ya sitini walilijua hili, nenda Upanga ukaangalie majengo ya wakati ule yalivyovishwa matundu na vibaraza. Sisi tuko nyuzi 6.8 tu kusini mwa ikweta. Mchana jua liko juu ya paa, kwa hiyo ukuta wa kaskazini na wa kusini unakingwa kirahisi kwa ubao wa zege wa kawaida. Ukuta wa mashariki na wa magharibi ndio wa kuogopwa, jua linakuja limeinama na hakuna ubao mfupi unaolizuia. Anayelaza jengo refu likitazama machweo ameshafanya kosa ambalo hakuna kiwanda cha vioo duniani kitakachomsahihishia kwa bei ya mwananchi.

Na upepo! Pwani hii tumepewa pepo mbili za uhakika, kusi na kaskazi, zilizowaleta watu na majahazi kabla hajazaliwa mkandarasi yeyote. Nyumba yenye matundu pande mbili inapitisha upepo na mtu analala. Nyumba yenye madirisha upande mmoja, tena ya kusukuma pembeni kwenye reli, haipitishi. Dirisha la kusukuma la vipande viwili, hata ukilifungua mpaka mwisho, nusu yake imefungwa daima. Juu ya nusu iliyobaki weka wavu wa mbu, ambao lazima uwepo, na wavu nao unapunguza upepo. Dirisha la mita moja na nusu kwenye mchoro linabaki tundu dogo kwenye maisha halisi. Yale madirisha ya zamani ya vipande vyembamba vya vioo vinavyogeuzwa (louvre), yaliyodharauliwa kuwa ya kishamba yanafunguka karibu yote, hata mvua ikinyesha. Kwangu mimi hayo ndiyo dirisha la Dar es Salaam, na ningeyapigania mbele ya kamati yoyote ya ununuzi.

Mama mdogo wangu anaishi ghorofa ya nne, upande wa magharibi, kwenye mradi ambao sitautaja. Madirisha ni mazuri kwa macho, ya kusukuma, ya rangi ya shaba. Msimu wa kaskazi analala sakafuni sebuleni ametandika kanga, kwa sababu godoro linakuwa na joto mpaka saa sita ya usiku. Alikuwa na feni, akaongeza AC, sasa pesa ya umeme wa LUKU inashindana na pesa ya dawa zake za presha. Siku moja ameniuliza, "Mwanangu, wewe si ndiye unayehesabu haya majumba, kwani waliojenga hapa walitaka sisi tukae wapi mchana?" Sikuwa na jibu la kumpa, na sina mpaka leo.

Nitakubali yanayostahili kukubaliwa. Ofisi na hoteli zinazowasha AC kutwa nzima madirisha yamefungwa, sawa, vioo viwili vina hesabu yake. Njombe na Makete, mahali mtu anapoota moto jioni ya Julai, nitakuwa wa kwanza kuvitetea. Kuna pia kioo chenye utando mwembamba wa kuzuia jua, ambacho kinaweza kupunguza jua linaloingia hadi theluthi moja au chini ya hapo, na huwa kinauzwa ndani ya dirisha la vioo viwili. Hicho ni kitu cha kweli. Ila kinafanya kazi dirisha likiwa limefungwa, utando lazima ukae kwenye uso sahihi wa kioo, na kivuli cha zege kinafanya kazi ile ile bila kuagizwa ng'ambo. Kelele za barabarani nazo zinapungua, dirisha likifungwa vizuri, ingawa vioo viwili vyenye unene tofauti au kioo cha kubandikwa tabaka ndivyo vinavyosaidia zaidi.

Halafu kuna jambo ambalo vipeperushi havilitaji kamwe. Hewa ile kavu inalindwa na gundi ya pembeni na punje za kunyonya unyevu zilizojazwa kwenye fremu nyembamba kati ya vioo. Gundi ikichoka, unyevu unaingia, ukungu unakaa katikati ya vioo mahali ambapo mkono haufiki, na dawa yake ni kubadilisha kioo chote, ambacho huenda kinatoka nje ya nchi kwa kipimo maalumu. Jua na unyevu ndivyo vinavyoichosha gundi, na sisi tuna vyote viwili kwa wingi. Kwenye nyumba ya mtu binafsi huo ni usumbufu. Kwenye jengo la ghorofa kumi lenye wamiliki mia, waliounganishwa na sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, ni ugomvi wa kikao hadi kikao: nani anachangia, nani atapanda kwa kamba, nani ana namba ya aliyevileta. Na chumvi ya bahari inaendelea kula bawaba na magurudumu.

Nawaomba wanaosimamia miradi hii, Shirika la Nyumba la Taifa, mifuko ya pensheni na waendelezaji binafsi, wafanye jambo moja kabla ya kusaini oda ya madirisha. Jengeni nyumba moja ya mfano, ukubwa kamili, upande wa magharibi, ghorofa ya juu, yenye dirisha hilo hilo mnalotaka kununua, wavu na grili vikiwa vimefungwa. Mwezi wa pili, saa tisa alasiri, zimeni umeme. Kaeni ndani mpaka saa mbili ya usiku, mhandisi, mbunifu, afisa ununuzi na muuzaji wa vioo, na mwiteni na mama mmoja wa wapangaji watarajiwa awapikie chakula cha jioni humo humo. Akimaliza kupika, yeye ndiye aulizwe kwanza kama oda isainiwe.