Aliyeuma ni yule mdogo

Getini kwetu kuna kibao cha MBWA MKALI. Tulikiweka kwa ajili ya Bosi, mbwa chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, kilo 38, kifua kama mlango. Katika miaka tisa aliyoishi nasi hapa Arusha, hakuwahi kumuuma mtu. Aliyemuuma fundi bomba ni Popi, kilo nne na nusu, manyoya meupe, yule ambaye wageni wakimwona tu wanataka kumpakata.

Fundi alikuwa amepiga magoti chini ya sinki la jikoni, mguu wake karibu na bakuli la Popi. Popi akanguruma. Nilisikia, nikapuuza, kwa sababu Popi ananguruma kila siku. Sekunde chache baadaye damu ilikuwa inatoka kwenye kifundo cha mguu. Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba kwa dakika kumi na tano, tukaenda hospitali, akaanza sindano za kichaa cha mbwa. Popi amechanjwa, lakini daktari hakutaka kubahatisha, na alifanya vyema. Karibu watu wote wanaopata ugonjwa huo huambukizwa na mbwa, na virusi havipimi uzito wa mbwa aliyeuma.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini nilipuuza. Bosi angenguruma vile mara moja tu mbele ya mgeni, jioni hiyo hiyo ningekuwa namtafuta daktari wa mifugo. Popi alipoanza kunguruma akiwa na miezi minne, tulicheka. Watoto walimrekodi kwa simu. Akimrukia mgeni tulisema anamsalimia. Akimrukia mbwa mwingine njiani tulimbeba na kumbembeleza, yaani tulimtuza kwa kosa lake. Bosi alijifunza kukaa, kusubiri chakula, kutembea na kamba bila kuvuta, kwa sababu asingejifunza angetuangusha. Popi hakufundishwa chochote. Hakuna aliyeona haja.

Kumbe si sisi peke yetu. Mwaka 2010 watafiti wa Vienna, Austria, walichapisha majibu ya wenye mbwa 1,276. Mbwa wadogo, wa chini ya kilo 20, walionekana kuwa wasumbufu na wakali zaidi, na hawakuwa wasikivu sana. Ila wenye mbwa hao nao walikuwa na misimamo ya kuyumba, leo ruhusa kesho marufuku, na walicheza na mbwa wao na kuwafunza kwa kiasi kidogo kuliko wenye mbwa wakubwa. Niliposoma hayo niliona kama mtu amekaa sebuleni kwetu akiandika.

Sisemi mwili hauna nafasi yake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney wa mwaka 2013, uliotazama mbwa zaidi ya 8,000, ulikuta kwamba kadiri kimo cha mbwa wa aina fulani kinavyopungua, ndivyo tabia zinazowakera wenye mbwa zinavyoongezeka. Na fikiria dunia ilivyo kutoka sentimita 25 juu ya sakafu: kila mguu ni gogo linaloweza kukukanyaga, kila mkono unashuka kutoka juu bila hodi. Popi ana sababu ya kuogopa. Tulipaswa kumsaidia hofu hiyo ipungue. Sisi tukaifanya kichekesho.

Lakini mbwa wakubwa wa kwetu nao wana msiba wao. Yule mdogo anadekezwa hadi anaharibika, huyu mkubwa ananyimwa hata mkono wa kumpapasa. Mchana kutwa yuko kwenye mnyororo wa mita mbili nyuma ya nyumba, usiku anafunguliwa, na mwenye nyumba hataki azoeane na mtu. Wapo wanaomlisha pilipili wakiamini inaongeza ukali. Haiongezi chochote zaidi ya maumivu. Mbwa wa namna hiyo akivunja mnyororo na kumrarua mtoto, mtaa mzima unasema, si unaona mijibwa mikubwa ilivyo. Hakuna anayeuliza kuhusu mnyororo. Na hapo ukubwa una uzito wa kweli, kwa sababu taya la mbwa wa kilo 50 halisamehe kosa la mfugaji kama la mbwa wa kilo nne.

Watu huniuliza, basi ni yupi rafiki zaidi? Bosi hakupakatwa hata siku moja, lakini mama alipokuwa mgonjwa alihamia mlangoni pa chumba chake, akalala pale wiki tatu, akiondoka kula tu na kurudi. Popi hunifuata mpaka bafuni. Siwezi kupima upendo wa wawili hawa nikasema huu umezidi. Ninachojua ni kwamba mbwa mkubwa ana muda mfupi zaidi duniani. Great Dane, aina ya mbwa wakubwa sana, akifika miaka kumi ni mzee sana; Chihuahua, aina ya mbwa wadogo sana, wa umri huo bado anarukaruka. Bosi alikufa akiwa na miaka tisa, na hiyo ni hesabu ninayoona wauzaji wa mbwa wangepaswa kumwambia mnunuzi kabla ya bei.

Sasa Popi ana miaka sita, na ndiyo kwanza anajifunza kukaa akiambiwa kaa. Tunatumia vipande vidogo vya maini, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, na nimewakataza watoto kumbeba anaponguruma. Mwezi uliopita fundi alirudi kubadilisha koki. Nilimfunga Popi kamba, nikahamishia bakuli lake barazani. Alinguruma mara moja. Safari hii nilimtoa nje, nikakaa naye mpaka kazi ikaisha.