Jim Chuchu, Tuko Macho na suala la nani analipa

Mazungumzo ya filamu za Kenya yakifika kwa Jim Chuchu, mwongozaji wa Nairobi, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: mbona hajatoa filamu nyingine ndefu? Linaniudhi, na nitasema kwa nini. Anayeuliza anaamini kazi ya mwongozaji ina njia moja tu. Unaanza na video za muziki, unaingia filamu fupi, unatoa tamthilia ya mtandaoni ili watu wakujue, halafu ndipo unatengeneza filamu yenyewe, ile ya ukumbini. Nikizipanga kazi za Chuchu tangu 2010, njia hiyo siioni.

Mwaka huo alikuwa bado ndani ya bendi ya Just A Band, na video ya wimbo wao Ha-He ikamfufua Makmende, shujaa ambaye watoto wa mitaa ya Nairobi walikuwa wakimtaja kwenye michezo yao ya miaka ya 90. Video ilipotoka watu hawakuishia kuitazama. Walimtungia Makmende vichekesho, wakamchorea mabango, wakamtafutia picha za kubandika kila mahali mtandaoni, hadi CNN ikaripoti. Nadhani funzo la siku zile ndilo lililomwongoza miaka yote iliyofuata: mtazamaji wa huku hapendi kukalishwa kimya. Ukimwachia nafasi, atamalizia hadithi mwenyewe.

Mwaka 2012 akashiriki kuanzisha The Nest, kikundi cha wasanii wa Nairobi, na 2014 kikatoa filamu ya Stories of Our Lives: hadithi tano za rangi nyeusi na nyeupe, zilizotokana na simulizi za Wakenya wapenzi wa jinsia moja, kwa bajeti ya takriban dola 15,000. Hizo ni fedha ambazo kampuni ya matangazo huweza kuzimaliza kwenye tangazo moja la sabuni. Filamu ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwezi Septemba, na 2015, kwenye tamasha la Berlin, ikapata tuzo ya jopo la Teddy, inayotolewa kwa filamu zinazohusu wapenzi wa jinsia moja. Nyumbani, Oktoba 2014, bodi ya uainishaji wa filamu ilikataza isionyeshwe wala kusambazwa, na prodyuza wake, George Gachara, akakamatwa kwa madai ya kushuti bila leseni chini ya sheria ya filamu iliyotungwa miaka ya 1960.

Hapo wengi wangefunga virago. Wengine wangehamia Ulaya wakaishi kwa kuzunguka na filamu yao iliyokatazwa. Chuchu alibaki Nairobi, na 2016 akatoa Tuko Macho, tamthilia ya mtandaoni ambayo kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote alizofanya.

Kisa chenyewe ni hiki: kikundi cha watu kinawateka wahalifu jijini, kinawaweka mbele ya kamera, kisha kinawaalika wananchi kupiga kura mtandaoni waamue kama mtekwa ana hatia. Sasa fikiria mtu anaitazama kwenye simu, ndani ya matatu iliyokwama Jogoo Road, kwa kioo kilekile ambacho asubuhi hiyo amepokea picha ya mwizi aliyeshikwa na umati. Anaulizwa ahukumu, na kidole chake kiko tayari. Juni mwaka huohuo wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao wa teksi walitekwa na kuuawa, na mahakama ikaja kuwatia hatiani maafisa wa polisi mwaka 2022. Nchi ilikuwa imejaa hasira na haikujua pa kuipeleka. Hadithi hii ingeonyeshwa ukumbini, kwenye viti laini vya jengo la maduka la Westlands, ingekuwa filamu nzuri ya uhalifu. Kwenye simu ilikugusa wewe mwenyewe, maana kura ile ungeweza kuipiga.

Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia tamthilia ya mtandaoni ni mahali pa kujifunzia. Tuko Macho ilichaguliwa kwenye tamasha la Toronto la 2016, katika sehemu ya tamthilia, na mwaka huohuo Mbithi Masya, mwenzake wa zamani katika Just A Band, alishinda hapohapo tuzo ya wahakiki wa FIPRESCI kwa filamu yake ndefu Kati Kati. Wawili waliotoka bendi moja, mmoja na filamu ya ukumbini, mwingine na tamthilia ya simu. Sioni kwa nini tumhesabu mmoja kuwa amefika na mwingine kuwa bado yuko njiani.

Baadaye kikaja kisa cha Waafrika waliohamia sayari nyingine, kinachotazamwa kwa miwani ya uhalisia pepe, na vichekesho vifupi vya We Need Prayers. Mwaka 2022, kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta kule Kassel, Ujerumani, The Nest walijenga chumba kwa marobota ya mitumba na kuonyesha filamu ndani yake, wakiwarudishia Wazungu nguo zao pamoja na maswali.

Lakini nikishamsifu, kuna jambo linalonisumbua. Karibu kazi hizi zote zimetegemea ruzuku na wafadhili wa nje. Mfadhili hulipia mradi, na mradi una tarehe ya mwisho. Watazamaji wakishawazoea wahusika na kuanza kuuliza nini kinafuata, fedha zimekwisha na ripoti imeshaandikwa. Mtandao nao humpa mwongozaji macho ya watu wengi lakini haumlipii waigizaji, mafuta ya jenereta wala chakula cha seti. Tamthilia ya Kenya ya Country Queen ilipoingia Netflix mwaka 2022 vijana wengi waliona mlango umefunguka. Mlango upo kweli, ila wanaopita ni wachache, na funguo hatunazo sisi.

Kwa hiyo kijana akiniuliza anunue kamera gani, mimi humuuliza prodyuza wake ni nani. Chuchu hakuwahi kuwa peke yake. Alikuwa na Njoki Ngumi kwenye uandishi, na Gachara, aliyebeba mashtaka ya 2014, ni miongoni mwa walioanzisha HEVA, mfuko unaowekeza kwenye biashara za sanaa. Watu hao ndio waliofanya The Nest idumu kazi baada ya kazi, hata baada ya polisi kubisha hodi.

Na kwa upande wa fedha, nalitaja shirika letu la utangazaji la umma, KBC. Tunalichangia kupitia kodi. Linunue haki za kuonyesha tamthilia kama hizi kwa miaka miwili au mitatu, lilipe bei inayoweza kuanzisha msimu wa pili, na umiliki wa kazi ubaki kwa walioitengeneza. Mkataba wa namna hiyo unaandikika kwenye kurasa chache, na wanasheria wa sanaa Nairobi wanaweza kuuandaa wiki hii.