Bega Kurudi Mahali Pake Si Kupona

Katika viwanja vya Tanga, kuanzia mechi za ndondo, yaani soka la mitaani, za Makorora na Ngamiani hadi mazoezi ya timu zinazotamani siku moja kucheza Mkwakwani, yapo mazoea ambayo kwa maoni yangu yanawamaliza vijana mapema: bega la mchezaji likiteguka, matibabu huhesabiwa kuwa yamekwisha pale tu mfupa unaporudi. Hufungwa kitambaa shingoni, watu hushangilia, na baada ya wiki mbili jina lake limo tena kikosini.

Hakuna kiungo mwilini kinachogeuka pande nyingi kuliko bega, na ndiyo maana huchomoka kwa urahisi. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kama chungwa la Muheza juu ya kisosi. Kinachokizuia ni ukingo wa gegedu (tishu ngumu kiasi lakini inayopindika), kano na misuli inayokizunguka. Golikipa akiangukia mkono ulionyooka, au mcheza judo akitupwa vibaya, kichwa hicho hutoka, na mara zaidi ya tisa katika kumi hutokea mbele, aghalabu kikiubandua ukingo huo. Daktari Mwingereza Arthur Bankart alilieleza jeraha hilo mwaka 1923, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Kuvuta mkono hurudisha mfupa, lakini hakuushoni ukingo uliochanika.

Bega lililoteguka halijifichi. Ule mviringo wa juu hupotea, ncha ya mfupa hujitokeza, chini yake pakabonyea, naye mwenyewe huinamia upande akiwa ameshika kiwiko kwa mkono wa pili. Hapo ndipo mjuzi wa timu huvua kiatu, humkanyaga kwapani na kuvuta. Njia hiyo ni ya kale, tangu zama za Hippocrates, na sikatai kwamba mara nyingine mfupa hurudi. Hata hivyo, mvutaji hajui kama kuna mfupa uliovunjika, wala hajapapasa ngozi ya upande wa nje wa bega kuona kama imekufa ganzi, dalili kwamba mshipa wa fahamu umeumia. Hayo yanapaswa kujulikana kabla ya kuvuta, na bajaji ya kwenda Hospitali ya Bombo haikosekani. Mkono ufungwe jinsi ulivyo, usichuliwe kwa mafuta ya moto, na majeruhi asipewe hata soda, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi.

Tatizo kubwa zaidi huja baadaye. Kwa kijana wa chini ya miaka 20 anayerudi kwenye michezo ya kugongana, uwezekano wa bega kuteguka tena ni zaidi ya nusu, na kila linapotoka huweza kuusaga mfupa wenyewe. Ukingo uliochanika peke yake hushonwa kupitia matundu madogo. Mfupa ukishalika sana, madaktari hulazimika kuhamisha kipande cha mfupa na kukifunga mbele ya kiungo, upasuaji ulioelezwa na Mfaransa Michel Latarjet mwaka 1954. Sisemi kila mtu apasuliwe: mzee wa timu ya maveterani huweza kutosheka na mazoezi, mradi achunguzwe kama kano zake hazijakatika. Lakini golikipa wa miaka 18 anayetaka kula kwa mpira anapaswa kumwona daktari wa mifupa baada ya kuteguka mara ya kwanza, si ya tano.

Hata asipopasuliwa, mazoezi ya misuli inayoshikilia bega ni ya miezi, na hayahitaji mashine. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kilichofungwa kwenye nguzo chatosha kuanzia, chini ya maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia. Kipimo cha kurudi uwanjani ni nguvu iliyolingana na ya mkono wa pili, na mchezaji kuinua mkono kama anayerusha mpira bila woga wa kwamba bega litachomoka. Kocha mwenye fainali Jumapili si mtu wa kupima hayo.

Viongozi husema hela hakuna, ilhali za jezi mpya hupatikana kila msimu. Ningependa waandaaji wa ndondo waweke sharti moja katika kanuni zao: aliyeteguka bega asisajiliwe kwa mechi yoyote mpaka alete barua ya daktari au ya mtaalamu wa fiziotherapia, na gharama ya kumwona itoke kwenye viingilio vya mlangoni.