Njia rahisi? Rahisi saa ngapi?

Nianze na kisa changu manake ndo kimenifanya niandike. Mwaka juzi nilimchukua mama mdogo, ana miaka 60 na kitu, miguu bado mizima ila si mtu wa milima, nikamwambia twende tukatembee ufukweni, njia inapita chini ya matuta ya mchanga, kilomita 4 tu, tambarare, na bango la pale mwanzoni limeandikwa kabisa "njia rahisi". Nikapiga hesabu ya saa moja, tukizidisha kupiga picha basi saa moja na robo. Aisee tulitumia saa mbili na nusu. Maji yalikuwa yanajaa, kila baada ya muda kidogo bahari inatusukuma juu, tunauacha mchanga mgumu tunaingia kwenye ule mlaini unaomeza mguu mpaka kifundo, mwisho ufukwe ukaisha tukawa tunapanda tuta lenyewe, hatua mbili mbele moja nyuma. Mama mdogo hakulalamika hata mara moja, na hilo ndo lilinitia hofu, alinyamaza tu. Tulipofika akakaa kwenye gogo, akavua viatu, akamimina mchanga, akaniangalia: "Mwanangu, hii ni rahisi ya nani?"

Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo, na najua kuna watu hawatakubali: hamna kitu kinaitwa njia rahisi kwenye pwani wala kwenye bonde la mto. Kuna saa rahisi. Njia ni ileile, ukiipitia asubuhi unapiga stori mwanzo mwisho, ukiipitia jioni unatafuta pumzi.

Shida ni kwamba tumezoea kupima njia kwa vitu viwili tu, urefu na mwinuko. Mzee mmoja wa Scotland, William Naismith, mpanda milima, aliweka kanuni yake mwaka 1892 ambayo mpaka leo watu wanaitumia: kilomita 5 hivi kwa saa, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Ni kanuni nzuri, kwa milima yake. Sasa iweke kwenye ile njia yetu, kilomita 4, mwinuko sifuri, inakwambia chini ya dakika 50, yaani mchanga haumo kabisa kwenye hesabu. Wakati watafiti wa Ubelgiji walishapima hiki kitu, mwaka 1998 walitoa matokeo kwamba kutembea kwenye mchanga kunakula nguvu mara 2.1 mpaka 2.7 ukilinganisha na ardhi ngumu kwa mwendo uleule. Kwa hiyo kilomita 4 za mchanga mlaini, mwili unazihesabu kama kilomita 8 mpaka karibu 11. Mama mdogo alikuwa sahihi kabisa, bango ndo lilikuwa na makosa.

Lakini si kila mchanga unameza mguu, na hapa ndo penye utamu. Mchanga mkavu hauna cha kuushika, punje inateleza juu ya punje mwenzake. Ukiwa na unyevu wa kiasi yale maji kidogo katikati ya punje yanazivuta zishikane. Ukiloa kupita kiasi unarudi kuwa uji. Kwa hiyo unautafuta ule mstari wa katikati, ambako maji yametoka si muda mrefu. Namna ya kuujua ni rahisi (hii kweli ni rahisi): kanyaga uangalie pembeni ya mguu, kama mchanga unakuwa mweupe ghafla kama umekauka halafu baada ya muda mfupi unarudisha rangi yake, hapo umefika. Osborne Reynolds alilieleza jambo hilo mwaka 1885, punje zilizobanana zikikanyagwa zinalazimika kuachana kidogo, nafasi kati yao inaongezeka, maji ya juu yanazama kuijaza. Mi nilikuwa nadhani ni uzito wangu unakamua maji, kumbe ni kinyume chake.

Sasa huo mstari unakuwepo au haupo kutegemea na maji. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni saa sita na dakika kadhaa, na kila siku ratiba inasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mi naendaga saa tatu asubuhi, pako vizuri", alikuwa sahihi siku aliyoenda, wiki ijayo saa tatu hiyohiyo utakuta bahari imekaa pale alipopita. Halafu maji hayatembei kwa mwendo mmoja. Mwanzoni yanajivuta, katikati yanakimbia, zile saa mbili za katikati peke yake zinabeba kama nusu ya maji yote, ndo maana watu wanashtukizwa, wanaangalia saa ya kwanza wanasema mbona yanapanda polepole tuna muda. Na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, inakupa kwa mkono mmoja inakunyang'anya kwa mwingine: maji yakipwa unapata uwanja mpana na mgumu ajabu, yakijaa yanagonga mguu wa tuta na njia haipo tena. Kipindi cha maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hupati uwanja mkubwa ila hushtukizwi sana. Mimi siku hizi naanza saa moja na nusu au mbili kabla ya maji kupwa kabisa, naenda na maji yanayotoka, narudi kabla hayajaanza kukimbia.

Tulirudi na mama mdogo, kwa taarifa yenu. Njia ileile, nimeangalia jedwali la maji kwanza. Dakika 65, na tulisimama kuokota makombe.

Kuhusu kupanda matuta yenyewe sina hamu sana, nisiwadanganye. Upande ule mchanga unaporomokea unakaa kwenye nyuzi kama 34, zaidi ya hapo hausimami, na ukiupanda unaushusha. Kingine ni nyasi. Tuta limeshikwa na mimea, kuna nyasi ambazo kadri mchanga unavyozifukia ndo zinavyozidi kuota kwenda juu, upepo haziogopi, zinachoogopa ni miguu. Watu wakipita palepale kila siku zinakufa, upepo unapata mlango, shimo linapanuka, na mchanga unaanza safari. Huko Skagen, Denmark, nyasi na miti viliisha kwa kukatwa na kulishiwa mifugo, mchanga ukaja ukafukia kanisa, waumini wakawa wanachimba ili waingie, mwaka 1795 wakalifunga na leo unaona mnara tu. Na tuta linahifadhi maji matamu chini yake, Amsterdam imekunywa maji ya matuta tangu 1853, na visima vya Lamu vinategemea matuta ya Shela. Kwa hiyo mkiona njia ya mbao piteni kwenye mbao, msijifanye wajuaji. Na tena mbao ndo sehemu pekee ambayo neno "rahisi" halibadiliki na saa, hata kiti cha magurudumu kinapita.

Bonde la mto ni habari nyingine, na mi kama mtu ananiuliza aanzie wapi namwambia aanzie huko. Mto haujawahi kupanda kilima. Umetafuta mteremko wenyewe kwa maelfu ya miaka na wewe unaufuata tu, ndo maana wajenzi wa reli nao walikimbilia mabondeni, na njia nyingi za miguu za leo ni reli zilizokufa. Ukipotea, unajua maji yako upande gani.

Ila na mto una saa yake, tofauti ni kwamba bahari inakupa ratiba na mto hautoi. Mvua inanyesha huko juu, wewe uko kwenye jua kali umevaa kofia, maji yanakuja. Rangi ikibadilika kuwa ya udongo, vijiti na majani vikaanza kupita vingi, sauti ikawa nzito, toka bondeni, usimalizie picha. Maji yanayokimbia ya sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, haifiki hata katikati ya muundi. Na kwenye kona za mto usisimame ukingo wa nje, ule mrefu unaovutia kwa picha, maji yanaula kutokea chini na juu unabaki kama paa lisilo na nguzo. Upande wa ndani ndo mto unakoweka mchanga wake, ni chini na ukiteleza unateleza kidogo. Mvua ikiisha subiri siku mbili tatu, manake tope la bondeni linachosha kuliko mchanga, na kiatu kinabaki humo. (Kama mto wenu una mamba na viboko hayo mazungumzo mengine kabisa, muulizeni anayeishi pale.)

Kwa hiyo nyinyi mnaopost picha na "njia rahisi sana, hata watoto", nawapenda ila nina ombi. Andikeni mlianza saa ngapi, maji yalikuwa wapi, na mara ya mwisho mvua ilinyesha lini. Kilomita tutazihesabu wenyewe.