Uzi wa titini umeishinda Kevlar, lakini kwa kipimo kipi?

Mwaka 2021 maabara ya Fuzhong Zhang, katika Washington University huko St. Louis, Marekani, ilieleza jinsi ilivyowafanya bakteria aina ya E. koli watengeneze titini, protini ndefu ya msuli, kisha ikaivuta kuwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Habari ilienea kwa sentensi moja: uzi wa msuli umeishinda Kevlar. Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, ambapo Kevlar, uzi mgumu wa kiwandani, tunaijua kama fulana ya kuzuia risasi, sentensi hiyo ni nzito, na nadhani wengi wanaielewa vibaya.

Kuna vipimo viwili. Cha kwanza ni mvuto ambao uzi unaustahimili kabla ya kukatika. Hapo Kevlar iko mbali sana: inapita megapaskali 3,000 (kizio cha mvuto huo), wakati titini haifiki 400. Cha pili ni nishati ambayo uzi unaimeza tangu unapovutwa hadi unapokatika, na hapo ndipo titini inaposhinda, kwa kuwa inarefuka sana kabla ya kuachia. Mtazame anayeshuka na chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, juu ya mawe ya lava, amejaza magunia ya makaa. Mzigo ameufunga kwa mipira iliyokatwa kwenye matairi. Waya ungekuwa na nguvu zaidi, ila gunia likiruka hauna pa kunyumbuka, utakatika au utachana gunia. Risasi ni kesi nyingine: inataka uzi mgumu unaosambaza pigo upesi, na titini ni laini mno kwa kazi hiyo. Fulana tuiweke kando.

Kinachonivutia zaidi ni utengenezaji. Bakteria hawezi kubeba kirahisi maelekezo ya protini kubwa hivyo, kwa hiyo watafiti walimpa maelekezo ya vipande vifupi vinavyojiunga vyenyewe ndani ya seli. Mnyororo ukiwa mrefu, ncha zinapungua na nyuzi zinashikana vizuri. Hakuna mnyama anayechinjwa.

Matumaini ya kweli nayaona hospitalini. Kule hospitali ya CBCA Ndosho, hapa Goma, ambako Msalaba Mwekundu umesaidia upasuaji wa majeruhi wa vita, jeraha la msuli linashonwa na mwili unaendelea kusogea. Uzi unaonyumbuka na kurudi, wa protini ambayo mwili tayari unayo, una faida iliyo wazi. Hata hivyo, E. koli ana sumu kwenye ukuta wake inayoleta homa ikiingia mwilini, na kuisafisha kabisa ni kazi ya gharama. Tena nyuzi za protini kwa kawaida hulegea zikilowa, na jeraha limelowa muda wote.

Kuhusu kutengeneza hapa kwetu, wanaotaja sukari ya bei nafuu ya kulishia bakteria wanasahau umeme. Pipa la bakteria linataka joto lisilobadilika na hewa safi usiku kucha. Umeme ukikatika saa chache, kundi zima linaweza kuharibika. Mitambo ya umeme wa maji ya Hifadhi ya Virunga, kama ule wa Matebe wenye megawati 13 hivi, imesaidia sana, lakini utafiti wa namna hii unadai pia wataalamu na usalama wa muda mrefu.

Kwa hiyo mtu akiniletea tena sentensi ya Kevlar, nitamwuliza kwanza kama uzi ulijaribiwa ukiwa mkavu au umelowa, na umevutwa mara ngapi.